Jingdezhen, mji unaokanyaga vigae vyake

Kunduchi, karibu na bahari, kuna makaburi ya kale ambayo shangazi yangu alizoea kutupitisha tulipokuwa wadogo. Hatukwenda kutalii, ilikuwa njia ya mkato tu. Moja lina mnara wa mawe, na waashi wa zamani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye chokaa yake. Mengine yameng'olewa, pamebaki maduara matupu kama matundu ya macho. Shangazi alitukataza kutia vidole mle. "Wenyewe wamelala," anasema, na sisi tunapita kimya. Sikuwahi kuuliza mabakuli yalitoka wapi. Mtoto wa Dar anajua kila kitu kinatoka Kariakoo.

Baadaye nikawa mtu wa Kariakoo kweli. Nauza vigae vya sakafu, masinki na vyoo, na mzigo wangu natoa Foshan, mji ulioungana na Guangzhou. Safari moja kiwanda kikaniambia rangi niliyoagiza haikutoka sawa, nisubiri siku tano. Siku tano Guangzhou bila kazi ni kula mtaji. Nikakata tiketi ya treni kwenda kaskazini, nikabadilisha Nanchang, nikashuka Jingdezhen, mji wa kauri, yaani vile vyombo vyeupe vya udongo vya Kichina, ambao jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye kibao cha makumbusho tu.

Njiani nikagundua kwamba nasafiri kinyume cha njia ya sahani. Kwa karne nyingi kauri iliyokuwa ikienda Guangzhou ilishuka Jingdezhen kwa mashua kufuata mto Chang hadi ziwa Poyang, ikapita Nanchang, ikapanda mto Gan kuelekea kusini mpaka chini ya mlima. Hapo wapagazi waliibeba mabegani kuvuka kipito cha Meiling, upande wa pili ikaingia tena mashuani, ikateremka mpaka Guangzhou kwenye majahazi ya bahari kuu. Chombo chembamba kama ganda la yai, kimebadilishiwa mashua mara kadhaa na kuvushwa mlima kwa miguu. Nikakumbuka masinki yangu yanavyofika yamepasuka Bandari ya Dar es Salaam ilhali yamefungwa kwa povu na mbao, nikanyamaza.

Mji wenyewe umekaa kwenye bonde jembamba kaskazini-mashariki mwa jimbo la Jiangxi. Ukisimama darajani unaona vilima kila upande, na hapo ndipo unapoelewa kwamba mahali hapa hapakuwa na budi kuwa mji wa vyombo. Tambarare ya mpunga ni finyu, na mchele mwingi ilibidi uletwe kwa mto. Lakini vilima vile vina jiwe linalosagika likawa unga wa kauri, na vina misonobari, kuni yenye mafuta inayotoa mwali mrefu. Vijito vyake vina nguvu ya kuzungusha magurudumu ya maji, na magurudumu hayo yaliinua michi mizito ya mbao na kuiangusha juu ya mawe usiku na mchana. Ni kinu na mchi kama vya nyumbani, ila anayetwanga ni mto. Unga ulichujwa, ukafinyangwa kuwa matofali madogo meupe, ukapakiwa mashuani kwenda mjini.

Jiwe peke yake halitoshi, lazima lichanganywe na udongo mweupe unaostahimili moto. Huo ulichimbwa kijiji cha Gaoling, kama kilomita 45 kutoka mjini. Tamka Gaoling haraka haraka utasikia neno unalolijua: kaolini. Ndiyo, kaolini ile ile ya Pugu, tuliyosoma kwenye jiografia darasani, yenye mapango yaliyochimbwa kuutafuta udongo huo na sasa yana popo. Mlima wa Pugu umebeba jina la kijiji cha Jiangxi, na sisi tunapita kwenda Kisarawe bila habari.

Aliyeandika vizuri kuhusu mchanganyiko huu ni padri Mjesuti wa Kifaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyekuwa na waumini kati ya mafundi wa mji. Alituma barua mbili ndefu Ulaya, ya kwanza mwaka 1712 na ya pili mwaka 1722. Kwa lugha ya leo tungemwita mpelelezi wa viwanda aliyevaa joho, kwa sababu Wazungu walikuwa wanahaha kutafuta siri ya kauri na yeye aliwaandikia hatua kwa hatua. Anasimulia juu ya wageni waliobeba matofali ya jiwe kwenda kwao bila kaolini, wakashindwa, na mfanyabiashara mmoja wa Kichina akawacheka: walitaka mwili wenye nyama bila mifupa.

Sasa jina. Zamani mji uliitwa Changnan. Mwaka 1004 mfalme Zhenzong wa nasaba ya Song alianza kipindi cha utawala alichokipa jina la Jingde. Vyombo vya hapa vilimpendeza, mji ukachukua jina la kipindi hicho na haukuliacha tena. "Zhen" maana yake ni mji wa soko. Jingdezhen haukuwa makao makuu ya wilaya wala haukuzungushiwa ukuta kama miji ya heshima ya Kichina. Ulikuwa mji wa kazi tu. Wachina walihesabu miji minne mikubwa ya aina hiyo, yenye utajiri bila cheo, na mmojawapo ni Foshan. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nimetoka kwa ndugu mmoja kwenda kumwamkia mwingine.

Wamongolia walipoitawala China waliweka hapa ofisi yao ya kauri mwaka 1278. Karne iliyofuata ndipo rangi ya buluu juu ya weupe ilipochanua. Buluu ile ni kobalti, na ile bora ya mwanzoni ilitoka Uajemi, ikaletwa na wafanyabiashara Waislamu. Kwa hiyo udongo wa Jiangxi ulioana na rangi ya Iran, na wateja wakubwa wa ndoa hiyo walikuwa watu wa Ghuba, Misri, Uhindi na pwani yetu. Mafundi wakaanza kutengeneza sahani pana sana, za sentimita 40 na zaidi, ambazo Mchina wa kawaida hakuwa na haja nazo kwa sababu yeye hula kwa kibakuli chake mkononi. Anayehitaji sahani pana ni mtu anayekula kwa mkono, na wenzake, wameizunguka.

Yaani sinia. Na neno lenyewe, sinia, limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni Sin, China. Kila unapoandaliwa sinia la pilau harusini unatamka "kitu cha Kichina" bila kukusudia, hata kama siku hizi sinia lenyewe ni la bati. Katika makumbusho ya mji huo niliona vipande vya sahani kubwa za karne ya 14 na nikasimama mbele yake muda mrefu kuliko wenzangu wote. Mlinzi akaanza kunitazama. Ningemwelezaje kwamba naona mahali pa kukaa watu sita?

Si kila kigae cha pwani kimetoka Jingdezhen. Vile vya kijani vingi ni vya Longquan, jimbo la Zhejiang, na Fujian walikuwa na majoko yao, yaani tanuri za kuchomea vyombo, ya kuiga buluu kwa bei nafuu. Hata hivyo ukiona buluu nzuri juu ya weupe Kilwa au Gede, au ukifikiria sahani zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za kale za Lamu, kaa ukijua Jingdezhen imo. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alipopita pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alisema hajawahi maishani mwake kuona vigae vya Kichina vingi kama alivyoviona kwa wiki mbili kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa. Vya kuzoa kwa koleo, alisema.

Mtaa wenyewe wa kale, wanaouita Taoyangli, uko kati ya mto na uwanja wa majoko ya kifalme. Wenyeji wanasema mji wa kauri ulikuwa na urefu wa li 13, kama kilomita sita na nusu kando ya mto. Vichochoro vingi vinateremka kuelekea majini, kwa sababu kuni zilipanda na vyombo vilishuka. Ni vyembamba kama vya Mji Mkongwe, mikono miwili unagusa kuta zote. Kuta hizo ndizo zilizonishika. Matofali yake si ya kawaida: meusi upande mmoja, mengine yana ngozi ya kijani au kahawia inayong'aa kama yamemwagiwa asali. Ni matofali ya majoko. Joko likichomwa miaka michache matofali yake huchoka, hubomolewa na kujengwa upya, na yale ya zamani huenda kwenye nyumba za watu. Chini ya miguu nako ni vigae, na makasha ya udongo yaliyovunjika, yale waliyofunikia vyombo visiguswe na moto wala moshi. Mji umejengwa kwa taka zake wenyewe.

Kwenye karakana moja nilimkuta mzee ananyoa mabakuli. Ndivyo nitakavyoiita kazi yake. Bakuli limeshafinyangwa na kukauka, yeye analigeuza juu ya gurudumu na kulikwangua kwa chuma kilichopindwa, unga mweupe unaruka kama wa mashine ya kusaga. Kila baada ya muda anasimamisha, analigonga kwa kidole na kutega sikio. Akigonga tena, sauti imepanda kidogo. Nilimuuliza kwa simu ya kutafsiri anajuaje pa kuishia. Akanipa bakuli nigonge mwenyewe. Nikagonga. Sikusikia kitu. Akagonga yeye, akatikisa kichwa, akakwangua mara mbili zaidi, akaliweka pembeni. Amefanya kazi hiyo hiyo tangu ujana. Hafinyangi, hachori, hachomi. Ananyoa.

Hapo ndipo siri ya mji ilipo, kwa maoni yangu, kuliko kwenye udongo. Mwaka 1637 mwanachuoni Song Yingxing aliandika kwamba chombo kimoja hupita katika mikono 72 kabla hakijawa chombo. D'Entrecolles naye alishangaa kwamba hata kuchora kumegawanywa: mmoja anazungusha duara la rangi ukingoni tu, mwingine anachora mistari ya maua, wa tatu anayajaza rangi, huyu ni wa milima na maji, yule ni wa ndege. Shuleni tulifundishwa kwamba kugawanya kazi kiwandani ni mambo ya Uingereza, tukachora na mchoro wa kiwanda cha pini cha Adam Smith. Hapakuwa na mvuke Jingdezhen, ni kweli. Lakini ukitoa mvuke, kiwanda kilikuwepo.

Hata kuchoma kulikuwa biashara ya watu wengine. Mwenye karakana mara nyingi hakuwa na joko. Alilipia nafasi kwenye joko la mtu. Ndani ya joko moto haulingani, kwa hiyo vyombo vya thamani viliwekwa panapostahili na vile vya bei ya chini vikasogezwa karibu na bomba la moshi. Nilipoelezwa nilisema moyoni, hili nalijua, hili ni kontena la kuchangia. Watu kumi, mzigo mmoja, kila mtu analipia ujazo wake, na anayejuana na mpakiaji vitu vyake havikai chini ya vyuma.

Bosi wa yote alikuwa fundi wa moto. Joko la Jingdezhen lina umbo la nusu yai lililolazwa, na ndani yake joto linafika kama nyuzi 1,300. Kipimajoto hakikuwepo. Inasimuliwa kwamba fundi alitema mate kupitia tundu la joko, akatazama yanavyoruka na kuyeyuka, ndipo akaamua: ongeza kuni, au zima. Faida ya mwezi mzima ya karakana kadhaa ilitegemea mate ya mtu mmoja. D'Entrecolles alihesabiwa majoko 3,000 wakati wake na akaandika kwamba usiku mji ulionekana kama unawaka wote, au kama tanuri moja kubwa lenye matundu mengi. Namba nyingine za padri naona zimetiwa chumvi, lakini hiyo ya usiku naiamini.

Anasimulia pia vijana waliopita barabarani na mbao ndefu mabegani zimepangwa vyombo vibichi, watu wakiwapisha kwa hofu, maana anayewagusa analipa. Hilo bado lipo. Nilikuwa nimesimama kichochoroni napiga picha ya ukuta nikasikia mtu anaguna nyuma yangu. Kugeuka, ubao wa vikombe uko kwenye usawa wa sikio langu. Nilijibana ukutani mpaka koti likachafuka. Yule kijana hakupunguza hata mwendo.

Katikati ya mtaa kulikuwa na uwanja wa majoko ya mfalme. Nasaba ya Ming ndiyo iliyouweka, na maagizo yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1433 ikulu iliagiza vipande 443,500 kwa mkupuo, vyenye michoro ya mazimwi, yale majoka ya Kichina, na ndege wa kifalme. Na chombo chochote kilichokataliwa hakikuuzwa wala kugawiwa. Kilivunjwa na kuzikwa pale pale, ili mtu wa kawaida asilie chakula kwenye alama ya mfalme. Tuna methali, mfinyanzi hulia gaeni. Hapa hata gae alinyimwa. Kuanzia miaka ya 1980 mwanaakiolojia Liu Xinyuan na wenzake walichimba mashimo hayo na kuunganisha vipande, na leo vyombo hivyo vyenye makovu vimepangwa kwenye makumbusho ya mapaa ya mviringo kama majoko, yaliyojengwa kwa matofali mapya na ya zamani pamoja. Vingine nilivitazama sana kutafuta kosa lake. Zimwi lina ukucha mmoja zaidi, basi.

Nyuma ya sahani za kifalme kuna habari mbaya pia. Mwaka 1599, kama wanavyosimulia, ikulu ilitaka mitungi mikubwa ya mazimwi, majoko yakawa yanaitoa imepasuka, na msimamizi aliyetumwa na mfalme akawatesa mafundi. Fundi mmoja, Tong Bin, akajitupa jokoni. Mitungi ikatoka salama. Wafanyakazi waliwaka hasira, kukawa na fujo, na mwisho wakubwa wakaruhusu ajengewe hekalu. Mpaka leo ndiye mungu wa joko. Niliona udi unawaka mbele ya sanamu yake. Mji mwingine ungemweka mfalme au mwanajeshi. Hapa wamemweka mwajiriwa.

Kuporomoka nitakusimulia haraka, maana kunafanana popote. Ulaya walipata kauri yao, kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kikaanza mwaka 1710, na viwanda vya Uingereza vikafuata na vyombo vyao. Mwaka 1855 vita vya Taiping vikaharibu majoko ya kifalme. Jiografia iliyowapa mto na kuni ikaanza kuwanyonga, kwa sababu dunia ilihamia kwenye reli na bandari, nao walikuwa ndani ya vilima. Baada ya 1949 serikali iliunganisha karakana ndogo kuwa viwanda vya umma, makaa ya mawe yakachukua nafasi ya msonobari, na kizazi kizima kikakua kikijua viwanda kumi vikubwa kwa majina: nyumba za kiwanda, shule ya kiwanda, hospitali ya kiwanda. Miaka ya 1990 vikafungwa. Makumi elfu ya mafundi wakarudi nyumbani. Mtu wa Dar anayeikumbuka Urafiki na viwanda vya Barabara ya Pugu hahitaji kuelezwa harufu ya kipindi hicho.

Leo vyombo vya mezani vya bei ya kawaida hutoka kwa wingi Chaozhou, na vigae Foshan, huko huko kusini karibu na meli. Jingdezhen imebaki na kile ambacho mashine hazikutaka. Kiwanda kimoja cha umma kilichoanza 1958, Yuzhou, sasa kimegeuzwa mtaa wa maduka na karakana unaoitwa Taoxichuan, umefunguliwa 2016. Mabomba ya moshi yamebaki, chini yake wanauza kahawa. Vijana makumi elfu wamehamia kutoka miji mingine kuja kufinyanga, kukodi nafasi ndogo na kuuza mitandaoni. Kila kitu mjini ni kauri, hata nguzo za taa za barabarani, nyeupe zenye maua ya buluu. Hilo lilinikera kidogo. Mji ambao ulikuwa haujivuni sasa unajivalisha.

Ila soko la alfajiri halijavaa kitu. Wanaliita soko la mizimu: watu wanatandaza vigae chini gizani na wanunuzi wanainama na tochi za simu. Vya kale, vya uongo, vya jana vilivyosuguliwa matope. Mwanamke mmoja alinishikisha kipande kilichokuwa chini ya bakuli, chenye duara la mguu na ua la buluu katikati. Akataja bei kwa vidole. Nililiweka duara lile kwenye kiganja na ukubwa wake ulikuwa ule ule wa matundu ya Kunduchi, au nilitaka uwe. Nikamrudishia. Akapunguza bei kwa kidole kimoja.

Kulipopambazuka nilishuka mtoni. Maji yalikuwa machache, na ukingo wote unalia chini ya viatu, kche kche kche, vipande juu ya vipande. Wazee wawili wanavua samaki wamekaa juu ya makasha ya udongo yaliyopinduliwa. Simu ikatetemeka. Wakala wangu wa Foshan, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia Guangzhou: "Kaka, vigae imepakia yote. Kontena imefungwa."

Nikamuuliza vingapi vimevunjika. Akajibu atahesabu.